Agripina, Hivi Ndivyo Tulivyopata Leseni ya Pombe

Agripina, mwanangu,

Najua unacheka. Dada aliyekupita miaka mitano tu anakuita mwanangu kama bibi kizee. Cheka umalize, kisha uendelee kusoma. Tangu mama afe, ni mimi niliyekuosha masikio, ni mimi niliyetia sahihi karatasi zako za shule kwa jina la baba, na ulipougua surua ulitapika kitandani kwangu, si kwa mtu mwingine. Neno hilo nimelifanyia kazi. Niachie leo.

Humu hutakuta habari za sabuni wala blanketi. Hayo yamo sandukuni, na yaliyobaki masista watakufundisha kesho ukifika Butare. Nataka kukuandikia habari za leseni. Unaiona kila siku, imebandikwa ukutani juu ya ndoo ya mafuta ya mawese, ina muhuri wa ofisi ya komini, serikali yetu ya hapa. Kila uliponiuliza tuliipataje nilikujibu, "Baba aliomba." Ni kweli, baba aliomba. Lakini si baba aliyeipata.

Ningekueleza kwa mdomo kama ningekuwa na mdomo. Unanijua. Wakiingia wateja watatu kwa pamoja nainama chini ya meza nikijifanya natafuta kiberiti. Shule ilinipa lugha mbili, Kinyarwanda na Kifaransa, na zote mbili hunikimbia mbele za watu. Kwa hiyo naandika, na naandika kwa hii ya tatu, ambayo baba alituletea kutoka njia ya Mombasa pamoja na vitenge na miche ya sabuni. Hii ni ya ndani ya nyumba yetu. Tena masista wakiipekua barua watachoka upesi.

Ulikuwa darasa la tatu. Mama alikuwa na butiki hii hii, hapa bondeni chini ya maofisi ya Kacyiru, na ndani yake chumvi, sukari, mafuta ya taa na maandazi. Jioni, matarishi na walinzi wa maofisini wakishuka kwenda makwao walisimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mama Domi, iko kitu?" Kitu kilikuwako. Kilikuwa urwagwa, pombe yake ya ndizi, kwenye jerikani chini ya kitanda. Wanawake wote wa barabara hii waliuza hivyo. Mama ndiye aliyechoka kuuza kwa kunong'ona. Alitaka karatasi, ili aweke pombe yake mezani na bia za chupa kando yake, kama mtu mwenye haki ya kuwa mahali alipo.

Barabarani kwetu mtu mwenye karatasi hiyo alikuwa mmoja tu, Kalisti, mwenye baa ya milango ya buluu. Huyo ambaye wewe unamwita muzehe Kalisti na kumsalimu kwa mikono miwili kwa sababu mama alikufundisha hivyo.

Komini ilikuwa haitoi leseni mpaka majirani waulizwe. Kwetu waliulizwa Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja, watu wangali na majembe mkononi na tope miguuni. Mkuu wa seli, yaani wa mtaa wetu, anasimama na kusema, fulani anataka kuuza pombe, nani ana neno? Na aliyeomba analeta pombe yake, inazunguka. Watu wakinywa, wamekubali. Ndiyo kura yenyewe.

Sasa, pombe ya mtu haizunguki hivi hivi. Mwenye pombe anaonja kwanza mbele ya macho ya wote, ijulikane haina sumu. Umeliona jambo hili tangu uzaliwe na hujawahi kulifikiria, kama usivyofikiria kubisha hodi. Mama akavuta kwenye mrija, akampa Kalisti kibuyu kwa mikono miwili, kwa kuwa ndiye mkubwa wa barabara. Kalisti akakipokea, akakitazama, akamrudishia.

"Onja tena, mama Domi."

Mama akacheka, akaonja tena.

"Aa, mrija unaweza kudanganya, sha. Sijaona koo ikicheza."

Watu wakacheka. Mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Muzehe iko na kiu, lakini iko na akili pia!" Wakacheka zaidi. Safari hii mama akavuta mpaka mashavu yakaingia ndani, akameza, akainua kidevu ili shingo yake ionekane. Bado nakiona kile kidevu. Kalisti akakipokea kibuyu, akakiweka chini kati ya miguu yake taratibu, kama mtu anayeweka yai, akaanza kukwangua tope kwenye jembe lake.

Basi. Hakunywa, na hakusema kitu. Kama angesema "mrozi", mchawi wa sumu, mama angemshtaki, naye angetakiwa kueleza alimpa nani sumu na lini. Hakulisema. Aliwaachia wengine walifikirie wenyewe.

Hapo nikafanya jambo ambalo nililiona la kishujaa. Mimi, niliyekuwa siwezi hata kujibu jina langu darasani, nilitoka katikati ya wanawake, nikakiokota kile kibuyu miguuni pa Kalisti na kunywa. Nilikunywa mpaka mrija ukalia. Nikasimama pale na midomo yangu yenye povu, nikiwatazama, mnaona? Mimi mzima!

Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, wala hakujisumbua kushusha sauti, "Watoto wa hao hawadhuriki. Wanapewa dawa yake wangali wananyonya."

Huo ulikuwa mwisho. Mkuu wa seli akasema haoni makubaliano, akaenda zake. Kalisti alikuwa amewasha tu. Aliyemwaga mafuta ya taa ni mimi. Ningebaki mahali pangu pengine wangesema mzee ana roho mbaya, anaogopa kugawana wateja. Baada ya mimi kunywa, wakasema nyumba nzima. Na wewe ukiwamo.

Hukumbuki, au unajifanya hukumbuki, ulivyokuwa ukikata andazi lako nusu shuleni na nusu hiyo kurudi nayo nyumbani. Ulimuuliza mama kwa nini hakuna anayeitaka. Akakujibu, "Wameshiba." Aliyekula alikuwa Beata peke yake, kitinda mimba wa Kalisti, aliyekuwa akikushika mkono kwenda shule ingawa baba yake alimkataza. Alikula hadharani, huku akitembea, makombo yakimwanguka kifuani. Uliandike hilo moyoni, maana nitalirudia na hutapenda.

Mama alichagua wema. Kila asubuhi alimsalimu Kalisti kabla ya kusalimiwa. Alinituma nipeleke pole alipoumwa mguu. "Atachoka," aliniambia. Hakuchoka, kwa sababu hakuwa na kazi yoyote ya kumchosha. Alikuwa anaendelea tu na maisha yake. Sisi ndio tuliokuwa kazini mchana kutwa, tukiwa wema. Watu wakanunua kwetu chumvi na viberiti, vitu vyenye karatasi juu, na maandazi yakalala mpaka yakawa mawe.

Sitakuambia Kalisti alimuua mama. Ilikuwa malaria, ulimwona mwenyewe anavyotetemeka. Ninachokuambia ni kwamba siku ya kumaliza matanga majirani walikuja wote, wakakaa, wakalia kama inavyopasa, na pombe aliyoipika shangazi ikazunguka ikarudi imejaa. Walilia kwa macho na midomo wameifunga. Baba alikuwa kipofu kwa uchovu, ndiyo kwanza amefika na lori. Vita vilikuwa vimefunga njia ya kaskazini, madereva wakawa wanazungukia Tanzania. Hakuelewa. Akaona pombe haiendi, akafikiri hawapendi ya ndizi. Akaagiza kreti za bia.

Nikapewa mimi kifungua chupa. Nikafungua ya kwanza mbele ya mtu, akanywa. Ya pili, akanywa. Walikunywa wote, Agripina! Yule mwanamke wa "dawa yake" alikunywa mbili. Nilikuwa nalia, nikiinama mbele ya kila mmoja, huku kichwani mwangu kumekuwa kweupe kabisa. Walichoogopa kilikuwa mkono wetu. Chupa iliyotoka kiwandani na kizibo chake, ikifunguliwa mbele ya macho yao, hawana cha kuisemea. Wakati wananiambia pole, mimi nilikuwa nawaza, mtakunywa kwangu. Kila siku. Na huyo wa milango ya buluu atawatazama mkivuka barabara.

Hapo ndipo nilipoacha wema.

Nilimwandikia baba maombi mapya kwa Kifaransa kizuri, akatia sahihi juu ya usukani wa lori na kuondoka. Komini ikajibu vilevile, majirani waulizwe. Majirani ni Kalisti. Nikangoja. Bila leseni hii duka lilikuwa linakufa, na duka likifa ilikuwa tuhame, na tukihama wangesema mnaona, wamekimbia. Mama angekuwa mrozi milele, na hakuna mtu angebaki hapa wa kubisha.

Kisha Beata akaposwa na watu wa Kabuga.

Siku ya mahari, Kalisti alialika barabara nzima. Kutualika sisi hakutaka, lakini kutomwalika jirani mbele ya wakwe kungeonekana. Wewe nilikuacha kwa shangazi, ulikasirika, ukaninunia. Nilikuwa nimejizoeza sentensi moja tu wiki nzima nikiosha vyombo. Niliisema mpaka haikuwa na maana tena, ikawa kama wimbo wa kusukuma mkokoteni.

Nikakaa nyuma ya wanawake wa bwana harusi, kando ya nyanya yake, kikongwe mwenye rozari mkononi. Wazee walikuwa wameshataniana kuhusu ng'ombe, huyu anasema ng'ombe ana pembe moja, yule anasema basi bibi harusi ana jicho moja. Vicheko. Kalisti mwenyewe alikuwa anazunguka na kibuyu, anaonja, anagawa, amevaa koti jipya, amefurahi mpaka amekuwa mzuri wa sura. Akanifikia. Akaonja, akaninyooshea.

Nikakipokea. Nikakitazama. Nikamrudishia.

"Onja tena, muzehe."

Sauti yangu ile ambayo walimu huinama ili waisikie, siku hiyo ilisikika mpaka uani.

Akacheka. "Domitila, weye! Umeanza utani na wazee?" Akaonja.

"Sijaona koo likicheza."

Wakwe hawakujua chochote. Lakini majirani walijua, na wakwe waliziona nyuso za majirani. Vicheko vilikatika upande wetu, kisha upande wao, kama taa zinazozimwa nyumba kwa nyumba. Yule kikongwe alikuwa na mrija wa kibuyu kingine karibu na mdomo. Akauweka chini na kuufunika kwa upindo wa nguo yake.

Kalisti akanywa mara ya tatu. Alivuta mpaka mashavu yakaingia ndani. Aliinua kidevu, mwanangu. Yeye mwenyewe, bila kuambiwa, alikiinua.

Akanipa tena, nikakiweka mapajani, sikunywa. Akainama kama anayenitengenezea mkeka. Jasho lake lilinidondokea mkononi.

"Mwanangu, unataka nini?"

"Jumamosi baada ya umuganda. Unywe wa kwanza."

"Nitakunywa."

"Urwagwa wetu. Si chupa."

"Nimesema nitakunywa. Kunywa sasa, nakuomba, kwa ajili ya mtoto."

Nikanywa. Watu wakavuta pumzi, mtu akaanzisha wimbo, ikapita. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, kwamba ilipita.

Jumamosi alikunywa. Shangazi alionja mara moja tu, kwa madaha, akampa, na hakumrudishia. Baada yake wakanywa wengine wote, wengine kwa pupa kama watu waliozuiwa siku nyingi. Mkuu wa seli akauliza nani ana neno. Akaandika kwamba majirani wamekubali. Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikacheza peke yangu kati ya magunia, nikamwambia mama kwa sauti, "Wamekunywa." Sitakudanganya kwamba haikuwa tamu. Sijala kitu kitamu kama kile, na sidhani nitakula.

Leseni ilipokuja nilianza na kreti mbili. Sasa unajua mwenyewe, jioni benchi halina nafasi. Nauza bia ya moto kwa wanaoipenda ya moto, nafungua mbele ya macho yao, wala sihitaji kusema kitu, ndiyo kazi inayomfaa mtu kama mimi. Kalisti anafunga mapema siku hizi. Namwona akivuta ile milango ya buluu jua lingali juu, na kila siku nahakikisha niko mlangoni ili anione nikimwona.

Sasa nafika kwa Beata.

Uliniuliza kwa nini amerudi kwao, nikakuambia amekuja kusalimia. Hakuja kusalimia. Kule Kabuga hawali anachopika. Yule kikongwe hakusema neno, alirudi tu nyumbani na ule uso wake, na uso ukatosha. Mume alikuwa anakula kwa mama yake. Beata anapika, anapakua, anaketi, chakula kinapoa, anawapa kuku. Siku moja akakuta hata kuku wamefukuzwa wasile. Akafunga nguo zake.

Haya alinieleza mwenyewe Jumapili alipokuja kukunyoa nywele za shule. Wewe ulikuwa kwenye kigoda unalalamika wembe ni baridi. Alikuwa anakushika sikio na kusema juu ya kichwa chako, taratibu, "Domi, sijui niliwakosea nini wale watu." Hajui. Siku ya mahari alikuwa ndani na mashangazi, anapambwa. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa baba yake akimwambia habari yangu itambidi amwambie na ile ya kwanza.

Jana Kalisti alikuja. Wewe ulikuwa umekwenda kuaga marafiki. Aliingia akiwa amevua kofia, akangoja wateja waondoke.

"Nenda Kabuga," akasema. "Waambie ulikuwa utani wa wasichana. Neno moja tu. Wakikusikia wewe wataamini."

Nikapanga viberiti.

"Nitafunga baa, Domitila. Wateja wote wako. Nitahama kama unataka."

"Neno hilo ulikuwa nalo wewe siku ile, muzehe. Mama alikuomba kwa macho."

"Najua."

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote isipokuwa hilo. Akasema tena, "Najua. Lakini huyu ni mtoto, hana kosa."

"Na sisi tulikuwa watoto wa nani?"

Akavaa kofia yake, akatoka. Maneno yalinijia yote bila kunikimbia, Agripina, kwa lugha moja baada ya nyingine. Aibu yangu imeisha kwa mtu mmoja tu duniani, na ni yeye.

Kwa nini nakuandikia? Huko uendako watakuambia usamehe, na watakuambia kwamba kisasi ni kichungu. Hilo la kusamehe siwezi kulisemea. Lakini hilo la uchungu si kweli, na nataka ulisikie kwa mtu anayekupenda, usije ukaonja siku moja, ukakuta ni tamu, ukadhani basi ni halali. Ni tamu na Beata anawapa kuku chakula chake. Yote mawili yamo ndani ya kibuyu kimoja. Nimejaribu kuyatenganisha jioni nzima hii, ninywe moja niteme lingine. Nilipofikiria Beata nilisikitika, kwa kweli nilisikitika. Kisha nikamfikiria baba yake akiinua kidevu, na moyo wangu ukacheka tena, haukuniuliza.

Na jambo lingine, hili ni dogo. Mtu akikutenda bila kusema neno, usikimbilie kujibu kwa kitendo mbele ya watu kama nilivyofanya na kile kibuyu. Mlazimishe aseme. Uliza kwa sauti, "Unasemaje?" Hata kama sauti yako ni ndogo. Yako si ndogo, nashukuru.

Kesho Beata anatusindikiza mpaka kituoni. Ameomba mwenyewe kubeba sanduku lako. Ukisoma hapa atakuwa ameshakukumbatia, nawe umemkumbatia kwa nguvu bila kujua; usimwambie kamwe chochote cha barua hii. Nakupa uisome ukiwa safarini kwa sababu hiyo. Mabasi ya Butare na taksi za Kabuga zinaondoka uwanja mmoja, unajua. Lako likishatoka, ya Kabuga itakuwa pale, konvoyeri wake anaita abiria mlangoni, na asubuhi nafasi huwa haikosi. Ni safari fupi. Ningekwenda nikarudi kabla ya chakula cha mchana.

Nimemtafuta ndani yangu huyo atakayepanda ile taksi akaliseme neno. Akitokea nitakuandikia. Kesho hatakuwepo. Kesho nitakupungia mpaka nisiione tena rangi ya basi, kisha nitarudi Kacyiru na Beata kwa miguu, tukizungumza habari zako njia nzima, na nitafungua duka.

Aliyekulea,
Domitila